Mpira umefuata mkono, au mkono umefuata mpira? Sheria ya kuunawa na VAR, tuichambue kifungu kwa kifungu

#1 Kipenga17

Wakuu, kila wikiendi ni kelele zilezile. Mpira umegonga mkono ndani ya boksi, mchezo umesimama dakika tatu, refa kaenda kwenye skrini, karudi, penalti. Wiki inayofuata linatokea tukio linalofanana na lile kama shilingi kwa ya pili, na hakuna kinachotolewa. Hasira za watu ni za haki. Ila mabishano mengi yanakwama kwa sababu huyu anabishana kwa sheria ya 2012, yule kwa ya 2019, na mwamuzi anachezesha kwa ya leo. Naiweka ilivyo sasa, halafu tuseme inavujia wapi.

Kuunawa, yaani kucheza mpira kwa mkono, ni faulo ya moja kwa moja, na likitokea kwenye boksi la timu ya aliyeunawa ni penalti. Sheria ya 12 inalihesabu kuwa kosa mchezaji akigusa mpira kwa mkono makusudi, mfano mkono ukiufuata mpira. Ni kosa pia, hata bila makusudi, mkono ukiwa umeufanya mwili kuwa mkubwa isivyo kawaida. La mwisho ni la mfungaji peke yake: akifunga kwa mkono, au akafunga papo hapo baada ya mpira kumgusa mkononi, goli linafutwa hata kama hakuwa na nia yoyote. Basi. Sheria yenyewe imeandika wazi kwamba si kila mpira unaogusa mkono ni kosa.

Kifungu kinachotuumiza ni hicho cha kati. "Isivyo kawaida" maana yake mkao wa mkono hautokani na mwendo wa mwili wa mchezaji katika tukio lile, wala hauwezi kuelezwa na mwendo huo. Soma tena hapo. Hakuna sentimita, hakuna digrii, hakuna "juu ya bega". Anayeulizwa ni mwili: kwa kitendo kile, mkono ulitakiwa uwe wapi? Beki anayeruka kupiga kichwa hawezi kuruka huku mikono imebanwa mbavuni. Beki anayesimama mbele ya shuti akiwa ametanua mikono kama kipa amejitakia, na sheria inasema hivyo: amekubali hatari ya kugongwa na kuadhibiwa.

Mkono unaanzia wapi? Tangu msimu wa 2020/21 mpaka ni usawa wa chini ya kwapa. Juu ya hapo ni bega, na bega si mkono.

Hoja yangu kwenye uzi huu ni moja. Kifungu hiki kimeandikwa kijibiwe na jicho linaloona mwendo mzima, lakini VAR (waamuzi wa video) inakijibu kwa picha iliyogandishwa. Mgogoro unazaliwa hapo.

#2 NyavuZaNyuma

Mkuu, kwa hiyo ule msemo wa "mpira umefuata mkono" umekufa? Wachambuzi wa redioni bado wanautumia kila siku.

#3 Kipenga17

Haujafa, ila hautoshi. Unajibu swali la makusudi tu. Mkono ukiufuata mpira, kosa halina mjadala: Suárez wa Uruguay mstarini dhidi ya Ghana, Johannesburg, 2 Julai 2010, au Maradona dhidi ya Uingereza 1986. Mpira ukiufuata mkono, bado hujamaliza kazi, unatakiwa uulize mkono ulikuwa unafanya nini pale. Mchambuzi anayeishia kwenye "mpira umemfuata" amejibu nusu ya mtihani.

#4 MezaYaNne

Niongeze historia, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini hata wachezaji wamechanganyikiwa.

Kwa miaka mingi sheria iliuliza makusudi tu. Mwaka 2019 IFAB, bodi inayotunga sheria za soka, wakaandika orodha ndefu: mkono juu ya usawa wa bega kwa kawaida ni kosa, mpira uliotoka kwenye mwili wako mwenyewe kwa kawaida si kosa, mkono wa kujishikilia unapoanguka si kosa. Na wakaweka kwamba goli lolote lililotanguliwa na mkono wa timu inayoshambulia linafutwa, hata uwe wa bahati mbaya. Tarehe 17 Agosti 2019 Gabriel Jesus aliifungia Manchester City goli la ushindi dakika za nyongeza dhidi ya Tottenham. Likafutwa kwa sababu mpira wa kona ulimgusa Laporte mkononi kabla ya kumfikia. Laporte hata hakujua.

Tarehe 4 Machi 2021 mambo yakafika ukingoni. Davinson Sánchez wa Tottenham aliokoa mpira ukamgonga Lemina wa Fulham kwenye mkono uliokuwa umelala ubavuni, ukamwangukia Maja, akafunga. Goli likafutwa, Fulham wakapoteza 1-0. Kwa sheria iliyokuwepo mwamuzi alikuwa sahihi kabisa. Kesho yake, 5 Machi, IFAB katika mkutano wao mkuu wakatangaza kwamba mkono wa bahati mbaya wa mwenzake mfungaji haufuti tena goli, kuanzia 1 Julai 2021. Wakafuta na ile orodha ndefu ya "kwa kawaida ni" na "kwa kawaida si", wakarudisha uamuzi kwa mwamuzi.

Kwa hiyo ndani ya misimu miwili mitatu mabeki walifundishwa kukimbia na mikono mgongoni, kisha wakaambiwa si lazima. Wengi bado wanafanya hivyo, na hasara yake ni kubwa: mikono ndiyo inayompa mtu mizani. Beki aliyefunga mikono mgongoni anachelewa kugeuka, na winga mwerevu anampita kwa hatua moja.

#5 BintiKibendera

Naomba tuingie kwenye hesabu, kwa sababu watu wanasema "alikuwa na muda wa kuutoa mkono" kwa kutazama marudio ya polepole.

Krosi kali au shuti la kawaida lina kasi ya kilomita 90 kwa saa. Hiyo ni mita 25 kwa sekunde. Beki akiwa mita 5 kutoka kwa mpigaji, mpira unamfikia kwa sekunde 0.2. Muda huo unakaribia muda ambao binadamu anahitaji kuona kitu na kuanza tu kusogea, achilia mbali kumaliza kuuondoa mkono. Mita 2.5 ni sekunde 0.1, hapo hakuna kiumbe anayeweza kukwepa.

Sasa weka marudio kwa robo ya mwendo. Zile sekunde 0.2 zinakuwa 0.8. Jicho la mtazamaji linaona beki ametulia, anautazama mpira, mkono umening'inia, mpira unakuja taratibu. Mtu yeyote mwenye akili timamu ataona makusudi pale. Makusudi yale yametengenezwa na mashine.

Na hili watu wengi hawalijui: itifaki ya VAR yenyewe inasema marudio ya polepole yatumike kwa mambo ya ukweli mtupu, kama mpira uligusa wapi au kosa lilitokea ndani au nje ya boksi. Kuamua kama mguso ule ni kosa la kuunawa, itumike kasi ya kawaida. Imeandikwa. Tatizo ni mpangilio wa kazi. Refa akifika kwenye skrini, mara nyingi picha ya kwanza anayoikuta ni ile iliyogandishwa pale mpira unapogusa mkono. Ubongo umeshapewa jibu kabla ya swali. Mpangilio mzuri ni kinyume chake: kwanza kasi ya kawaida kwa pembe pana, mara mbili; kisha polepole kuthibitisha mguso; kisha kasi ya kawaida tena kabla ya kuamua.

#6 BekiWaPembeni

Dada nakuunga mkono. Mfano hai ni fainali ya Kombe la Dunia 2018, Ufaransa na Croatia. Kona ya Griezmann, Matuidi anaruka mbele ya Perišić wa Croatia na kumziba, mpira unatokea pale pale na kumgonga mkononi. Refa Pitana akaenda kwenye skrini, akaanza kuondoka, akarudi tena kutazama. Refa akirudi mara ya pili, hiyo peke yake ni dalili kwamba kosa halikuwa la wazi. Griezmann akaweka penalti dakika ya 38, ikawa 2-1, na mchezo ukabadilika.

#7 Kipenga17

Hapo sikubaliani na wewe nusu. Mkono wa Perišić ulikuwa umetoka mbali na mwili na ulishuka kuelekea mpira. Ninachokubali ni kwamba alizibwa hadi mwisho, na kwa kasi ya kawaida ule mteremko wa mkono unaonekana kama mtu anayetua baada ya kuruka. Waamuzi wawili wazuri wanaweza kutofautiana pale. Na wakiweza kutofautiana, VAR haikupaswa kuita.

Na hili ndilo linalojibu malalamiko ya "tukio lilelile, uamuzi tofauti". VAR haiulizwi kama uamuzi ni sahihi. Inaulizwa kama refa amefanya kosa la wazi kabisa. Matukio mawili yakiwa sawasawa na yote yako kwenye eneo la kijivu, refa wa kwanza akitoa penalti, VAR inasema "hatuna sababu ya kuipindua". Refa wa pili asipotoa, VAR inasema maneno yaleyale. Wote wawili wamefuata itifaki. Shabiki nyumbani anaona uonevu, na kwa macho yake yuko sahihi.

#8 NyavuZaNyuma

Basi nielezeni Cucurella. Euro 2024, robo fainali, Ujerumani na Hispania pale Stuttgart. Shuti la Musiala linaenda langoni, linamgonga Cucurella wa Hispania mkononi, refa Anthony Taylor anasema cheza, hata skrini hakwenda. Na siku chache kabla, Ujerumani hiyohiyo ilipewa penalti dhidi ya Denmark kwa mkono wa Andersen uliokuwa karibu zaidi na mpigaji. Hiyo ni haki gani?

#9 MezaYaNne

Umeweka mifano miwili bora kabisa ya tatizo, ngoja niifungue.

Andersen, Dortmund, 29 Juni 2024. Raum anapiga krosi kutoka karibu sana, Andersen anakimbia, mkono umetoka ubavuni kama wa mtu yeyote anayekimbia. Mpira wa mashindano yale ulikuwa na kihisio ndani kinachosoma mguso mara 500 kwa sekunde. Kwenye skrini ikaonekana ile chati ya mapigo ikiruka pale mpira ulipopita mkononi. Refa Michael Oliver akatazama, akatoa, Havertz akafunga. Dakika chache kabla, Andersen huyohuyo alifunga na goli likakataliwa kwa kuotea kwa ncha ya kiatu cha Delaney.

Kile kihisio kilijibu swali ambalo si gumu. Kwamba mpira uligusa, sawa. Kihisio hakijui mkono ulikuwa wapi, hakijui beki alikuwa anakimbia, hakijui umbali. Lakini chati ikishaonyeshwa dunia nzima, refa gani atarudi kusema "cheza"? Ushahidi wa mguso umegeuzwa kuwa ushahidi wa kosa.

Cucurella, 5 Julai. Mkono uko chini, unarudi kuelekea mwilini, hauko juu, haujatanuliwa sana. Kwa maelekezo ambayo waamuzi walipewa kabla ya mashindano, mkono wa namna ile ulielekea kuwa si kosa. Taylor alikuwa na msingi. Lakini shuti lile lilikuwa linaelekea golini, na mkono haukuwa umebana mwili. Mwezi Septemba mwaka huohuo waraka wa waamuzi wa UEFA, shirikisho la soka Ulaya, ukasema ilipaswa kuwa penalti, kwa hoja kwamba mkono unaozuia shuti la golini upimwe kwa ukali zaidi.

Tazama hapo. Neno "shuti la golini" halimo kwenye Sheria ya 12 kama kipimo cha kuunawa. Ni tafsiri ya shirikisho. Ligi Kuu ya Uingereza ina tafsiri yake iliyolegea zaidi, UEFA ina yake. Mchezaji anacheza Jumamosi kwa tafsiri moja na Jumatano kwa nyingine.

#10 MzeeWaJukwaaKuu

Vijana, mimi nasema warudishe makusudi peke yake. Shaka yote itaisha.

#11 BintiKibendera

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, haitaisha. Makusudi yako kichwani mwa mchezaji, na refa hasomi kichwa. Ukiacha makusudi peke yake, beki anajifunza kusimama mikono imetanuka, haisogezi hata kidogo, na kila mpira unaomgonga ni "bahati mbaya". Ndiyo maana kipengele cha kuongeza mwili kiliwekwa.

Shida ni kukipeleka mbali mno. Eric Dier wa Tottenham, 27 Septemba 2020: Newcastle wanapiga mpira wa juu, Andy Carroll anapiga kichwa kutoka nyuma yake, Dier yuko hewani, mgongo umeelekea mpira, mkono uko juu kwa sababu ameruka. Hakuuona. Kwa orodha ya wakati ule, "mkono juu ya bega", ikawa penalti ya dakika za nyongeza na mechi ikaisha 1-1. Siku chache baadaye Ligi Kuu ikalegeza tafsiri. Kwa maandishi ya leo, Dier ana hoja nzuri: mkono wake ulielezwa na mruko wake.

#12 MzeeWaJukwaaKuu

Marahaba binti. Hapo kwa Dier nimekuelewa. Na mpira unaotoka kwenye mwili wako mwenyewe kwanza? Ule wa Paris na Newcastle uliniuma sana na wala si timu yangu.

#13 BintiKibendera

Ule ni wa 28 Novemba 2023. Dembélé anapiga, mpira unamgonga Livramento wa Newcastle mwilini kisha unarukia kiwiko. Refa Marciniak hakutoa, VAR ikamwita, akatoa, Mbappé akasawazisha dakika ya 98. Aprili ya mwaka uleule bodi ya washauri ya UEFA ilikuwa imependekeza kwamba mpira uliotoka kwanza kwenye mwili wa mchezaji usihesabiwe, hasa usipokuwa unaelekea golini. Aliyekuwa kwenye chumba cha VAR usiku ule, Kwiatkowski, akaondolewa kwenye mechi aliyokuwa amepangiwa iliyofuata.

Kwenye maandishi ya sasa ya sheria msamaha huo haumo waziwazi. Ulikuwa kwenye orodha ya 2019, ukaondoka nayo 2021. Umebaki kama busara: mpira uliobadili njia ghafla unapunguza muda wa kukwepa hadi karibu sifuri, na mkono wa mtu anayekimbia hauwezi kutabiri. Lakini busara isiyoandikwa inasahaulika dakika ya 98.

#14 BekiWaPembeni

Na mkono wa kujishikilia unapoanguka?

#15 Kipenga17

Huo nao uliandikwa 2019 ukafutwa 2021, unabaki kama hoja ya "mwendo wa mwili". Linganisheni mawili haya.

Giménez wa Uruguay, Lusail, 28 Novemba 2022, dhidi ya Ureno. Bruno Fernandes anampitishia mpira katikati ya miguu, Giménez anateleza chini, mkono wa nyuma unaelekea ardhini kumshikilia, mpira unaugonga. Refa Faghani akaitwa kwenye skrini, akatoa penalti, ikawa 2-0.

Ødegaard wa Arsenal, Anfield kwa Liverpool, 23 Desemba 2023. Naye anateleza, mkono uko chini, mpira unaugonga. Haikutolewa uwanjani, VAR ikaona si kosa la wazi. Baadaye Howard Webb, mkuu wa waamuzi wa Uingereza, akasema ilipaswa kuwa penalti kwa sababu Ødegaard aliuvuta mkono kurudi ndani kuelekea mpira. Mkono wa kujishikilia unakwenda ardhini na kubaki hapo. Ukivutwa kuelekea mpira umeacha kazi ya kushikilia.

Kwa kipimo hicho Giménez alionewa. Huo ni msimamo wangu na sitausogeza.

#16 MtaaWaPili

Swali la haraka: Lukaku na Ubelgiji dhidi ya Slovakia, Euro hiyohiyo ya 2024. Openda ndiye aliyegusa kwa mkono, Lukaku ndiye aliyefunga. Si mmesema mkono wa mwenzake haufuti goli?

#17 MezaYaNne

Mkono wa *bahati mbaya* wa mwenzake haufuti. Openda alikuwa anagombania mpira na beki, mkono umetoka, na refa Umut Meler kwenye skrini aliuona kama kosa lenyewe, yaani mkono usiokuwa wa kawaida. Kosa kamili la mwenzake linafuta goli kama faulo yoyote ile kwenye shambulizi hilo. Walichoonyesha watu kwenye televisheni ni chati ya kihisio tu, ndipo kila mtu akadhani mguso wenyewe ndio ulioliua goli.

Na neno "papo hapo" kwa mfungaji halina sekunde maalumu. Mpira ukimgusa bahati mbaya, akaudhibiti na kupiga, limefutwa. Ukimgusa, akakimbia nao umbali, akapigiana pasi na wenzake, kisha akafunga, goli ni halali.

#18 NyavuZaNyuma

Tuje nyumbani. Sisi huku CAF, kwenye soka la Afrika, tunaumia mara mbili, VAR ikiwepo tunaumia na isipokuwepo tunaumia. Loftus Versfeld, Pretoria, 5 Aprili 2024, shuti la Aziz Ki dhidi ya Sundowns lililokataliwa kuwa goli. Yanga wangekuwa nusu fainali.

#19 MezaYaNne

Ule si wa kuunawa lakini unafaa sana hapa, kwa sababu unaonyesha VAR haina miujiza kuliko kamera zake.

Mpira ulipiga mwamba, ukashuka, ukatoka. Goli linahesabiwa mpira *wote* ukivuka mstari *wote*. Mpira una upana wa sentimita 22 hivi. Kuamua kama sentimita mbili za mwisho zimevuka, unahitaji kamera iliyokaa sawasawa na mstari wa goli. Kamera iliyo pembeni kidogo, ikitazama kutoka juu, inadanganya: mpira ulio hewani unaonekana umevuka zaidi au pungufu kutegemea pembe. Teknolojia ya mstari wa goli ni mtambo mwingine kabisa. Ule wa Hawk-Eye unatumia kamera 14, saba kila goli, na saa ya refa inatetema ndani ya sekunde moja. Usiku ule mtambo huo haukuwepo, VAR ilikuwa na kamera za matangazo. Refa Beida akaendelea na uamuzi wa uwanjani, ikaisha 0-0, Sundowns wakashinda kwa matuta 3-2. Kilio cha Wananchi (Yanga) kilikuwa cha haki. Ila kidole kielekezwe kwenye idadi na mahali pa kamera kabla ya kumwelekea mtu.

Na msisahau Radès, 31 Mei 2019, fainali ya marudiano ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Espérance na Wydad. Goli la El Karti limekataliwa, Wydad wanadai VAR, VAR haifanyi kazi, nao wanasema hawakujua hivyo. Wakagoma kuendelea, refa Gassama akamaliza mechi, kombe likabaki Tunis. Itifaki inasema mechi haibatiliki kwa sababu VAR imeharibika. Ndiyo maana makapteni wote wawili wanapaswa kuambiwa kabla ya kipenga cha kwanza mtambo ukiwa na hitilafu.

#20 MtaaWaPili

Kwa ligi zetu ambazo hazina fedha za chumba cha VAR na mafundi wake kila uwanja, kuna njia gani?

#21 Kipenga17

Ipo ile ya kocha kuomba marudio, FIFA waliijaribu kwenye Kombe la Dunia la wanawake chini ya miaka 20 Colombia 2024. Hakuna chumba, hakuna mwamuzi wa video. Kocha ana maombi mawili kwa mechi, anazungusha kidole hewani na kumkabidhi mwamuzi wa akiba kadi. Refa mwenyewe anakwenda kutazama skrini. Uamuzi ukibadilika kocha anabaki na ombi lake, usipobadilika amelipoteza. Inatosha kamera chache. Uzuri wake kwa suala la kuunawa ni kwamba hakuna mtu chumbani anayechakura kila krosi kutafuta kidole. Likiombwa, limeonekana na watu uwanjani.

Hasara: kamera nne zikiwa zote upande mmoja, mkono wa beki aliyegeuza mgongo hauonekani kabisa. Atakayeipanga aweke angalau kamera moja nyuma ya kila goli.

#22 BekiWaPembeni

Mimi napendekeza zaidi ya hapo. Mkono wa bahati mbaya ndani ya boksi uwe faulo ya kupasia (isiyo ya moja kwa moja), si penalti. Kosa dogo, adhabu kubwa mno. Penalti ni karibu goli.

#23 BintiKibendera

Nimelifikiria sana hilo na naona litazaa balaa jingine. Leo refa anasita kutoa penalti ya kijivu kwa sababu adhabu ni kubwa, na kusita huko kunaokoa mechi. Ukimpa adhabu ndogo, kila mguso utatolewa. Utakuwa na faulo za kupasia mita sita kutoka golini, wachezaji 11 mstarini, mara nne kwa mechi. Bora kipimo kikazwe kuliko adhabu kulegezwa. Mimi ningeandika upya mambo mawili: mpira uliotoka mwilini mwako kwanza si kosa isipokuwa makusudi, na VAR isiite kuunawa isipokuwa tukio limeonekana kosa kwa kasi ya kawaida.

Kadi nazo zimeshapunguzwa. Tangu 2024/25, beki akizuia goli kwa mkono usio wa makusudi na ikatolewa penalti, ni njano, si nyekundu tena. Makusudi bado ni nyekundu, Suárez angetoka leo kama alivyotoka 2010. Ikiwa alikatiza tu shambulizi zuri bila makusudi na penalti ikatolewa, hakuna kadi. Lakini nje ya boksi, kuzuia nafasi ya wazi ya goli kwa kuunawa bado ni nyekundu, makusudi au la, kwa sababu hakuna penalti ya kufidia.

#24 MtaaWaPili

Asanteni. La mwisho: refa wa ligi ya wilaya, hana VAR, hana kifaa cha masikioni, ana washika vibendera wawili. Afanyeje?

#25 Kipenga17

Kinachomwangusha ni mahali pa kusimama. Ukiwa nyuma ya mgongo wa beki, mkono uliotanuka mbele yake huuoni. Ukiwa mbele yake sawasawa, huwezi kupima mkono uko mbali kiasi gani na kifua. Kwenye krosi ya pembeni, kaa kona ya boksi upande wa kushoto wa shambulizi, umbali wa mita 10 hadi 15, uone nafasi kati ya mpigaji na beki. Kwenye shuti la mbali usikimbie kuufuata mpira, sogea hatua mbili pembeni ufungue jicho.

Mpira ukigusa, usipulize papo hapo. Pumua mara moja, jiulize kwa mpangilio: ni chini ya kwapa? Mkono ulisogea kuufuata? Kama haukusogea, mkao ule ulitokana na kitendo gani, kukimbia, kuruka, kuteleza, au kuziba? Mpira ulitoka umbali gani, na ulibadili njia? Jibu likiwa "kuziba", puliza. Usipopata jibu, cheza iendelee, na uonyeshe kwa mikono yako kwamba umeliona.

Kabla ya mechi mwambie mshika kibendera kwamba kwenye kuunawa anakusaidia kwa mambo mawili tu, ndani au nje ya boksi, na mkono ambao wewe ulikuwa umezibwa kabisa. Akubaliane na wewe ishara moja isiyoonekana na mashabiki, mfano kushika kibendera kwa mikono miwili mbele ya kifua. Kibendera kikiinuliwa juu wakati wewe umeshaonyesha "cheza", umepoteza mechi nzima, hata kama yeye ndiye aliyeona vizuri.